Ningalimpa

Mwanangu Raya,

Salamu hatuna haja ya kutumiana, maana kati yangu na wewe uko ukuta mmoja tu, na hivi sasa nakusikia unagombana na kufuli ya sanduku. Nimeshasali alasiri, nimekaa ukumbini na karatasi hizi, kwa sababu najua kesho bandarini sitaweza kusema neno. Nitakulilia, wewe utaudhika, na meli itaondoka. Kwa hiyo nakuandikia. Usiusome waraka huu mpaka ukishatoka bandarini.

Sitakwambia habari za sweta, wala nyama gani ule na ipi usile, wala sala. Hayo unayajua, na usiyoyajua bibi yako ameshakwambia mara tatu tangu Jumatatu. Nataka kukusimulia kisa changu ambacho hujakijua chote. Unakumbuka kwamba nilikuwa nafanya kazi hospitali, kisha nikaacha. Ndivyo tulivyokwambia, mimi na baba yako. Si kweli. Nilifukuzwa, na nilistahili kufukuzwa, ingawa si kwa sababu waliyonifukuzia.

Nilianza kazi wodi ya wanawake wewe una miaka minane. Nilikuwa natandika vitanda, naosha mabakuli, nawashika mikono wanaojifungua. Daktari alikuwa mwanamke wa Kiingereza, mrefu, mwenye haraka, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: lete, ondoa, kimya. Mkalimani wa hospitali alikuwa mwanamume, na wanawake hawakutaka kumtajia mwanamume mambo ya matumbo yao. Siku moja daktari akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na kwa kuwa siku mbili nyuma alinisikia nikisema "water". Basi nikawa mkalimani, kwa neno moja la maji.

Nikaanza kukusanya maneno. Homa, "fever". Damu, "blood". Kikohozi, "cough". Niliyaandika kwa herufi za Kiarabu nyuma ya karatasi za kufungia pamba, nikiyasoma njiani nikirudi nyumbani, midomo inakwenda kama mtu anayevuta uradi. Vitenzi nilikuwa navyo kama ishirini, na vyote vilikuwa vya wakati mmoja. "She eat." "She vomit." "She sleep." Wodini vilitosha. Mwenye kuumwa anaumwa sasa hivi, na daktari alitaka kujua wapi.

Nikavimba kichwa, mwanangu. Majirani walianza kuniletea barua za serikali niwasomee. Sikuwa najua kuzisoma. Nilikuwa naziangalia, nakunja uso, namwambia mtu, "Wanakutaka ofisini," kwa kuwa karibu kila barua ya serikali humtaka mtu ofisini. Kudanganya sikuona haya. Nilichoona haya ni kusema sijui.

Ndipo akaja Bi Mize.

Alikuwa mwanamke wa Jambiani, umri wangu mimi. Alikuja na gari la shamba, amempakata mwanawe wa miaka miwili, Haji, aliyekuwa anaharisha na kutapika siku ya tatu. Mtoto alifika macho yameshazama. Daktari alijitahidi, hilo siwezi kumnyima. Kabla ya magharibi mtoto akafariki.

Tulipokuwa tunamsaidia yule mama kubadilisha kanga iliyolowa, tukaona ndani ya kikapu chake kifuko cha kitambaa, kimeshonwa mdomo, kinanuka unga wa dawa ya miti shamba. Siku zile walishaletwa watoto wengine wawili walionyweshwa dawa kali za namna hiyo, na daktari alikuwa na hasira nazo. Akakishika kifuko, akakinusa, akatuma mtu kwenda kuita polisi.

Asubuhi yake akaja Inspekta wa Kiingereza na daftari. Picha iliyotundikwa ukutani ilikuwa bado ya Mfalme wa Uingereza. Bi Mize alikaa chini, kiti hakukitaka. Alikuwa hajalala, na maziwa yalikuwa yanamtoka yanalowesha kanga, maana mtoto alikuwa hajaachishwa. Inspekta akaniambia nimuulize kama alimpa mtoto dawa ile.

Nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Ningalimpa, dada," akasema. "Ningalimpa dawa ile ya bibi yangu, mwanangu angalipona."

Mimi ni mtu wa Unguja, Raya. Nilielewa vizuri mno. Yule mwanamke hakumpa mtoto dawa, na alikuwa anajuta kwamba hakumpa. Siku zile watu wa afya walikuwa wakipita vijijini kusema kwamba dawa zile ni hatari; naye aliwaamini, akaiacha ndani ya kifuko na kumleta mtoto kwetu. Nilielewa yote. Nikaitafuta hiyo "ngali" kwa Kiingereza, sikuiona popote. Nilikuwa na "give", na juma lile lile nilikuwa nimejifunza kwamba iliyopita ni "gave", na nilikuwa naionea fahari.

Inspekta akagonga daftari kwa kalamu. Alitaka ndiyo au siyo.

"She gave," nikasema.

Nilijiambia inakaribia. Nilijiambia dawa imetajwa, kutoa kumetajwa, mengine watajua wenyewe. Ningeweza kusema, "Bwana, neno hili silijui, mwiteni mwingine." Maneno hayo kwa Kiingereza nilikuwa nayo. Sikuyasema, kwa sababu daktari alikuwa amesimama pale ananisikiliza. Inspekta akaandika, akanipa kalamu nitie saini kwamba ndivyo alivyosema. Nikatia. Wakamchukua Bi Mize, na mwanawe akazikwa yeye mama hayupo.

Siku ya nne nilimkuta mwanamke kwenye lango la hospitali, ananisubiri. Alijitaja kuwa ni Mwaka, dada yake Bi Mize.

"Wewe ndiye Zuhura mkalimani?"

"Mimi."

"Mdogo wangu yuko rumande. Wananiambia amekiri. Amekiri nini?"

Nikataka kupita, akanizibia njia.

"Kifuko kile nilikishona mimi kwa mkono wangu, kwa uzi mwekundu. Polisi wamenionesha. Uzi uko vile vile. Mtu hunywesha dawa bila ya kuufungua mfuko?"

"Nenda kawaambie polisi," nikasema.

"Nshawaambia. Wananambia yako maneno yake mwenyewe, yameandikwa." Akanisogelea mpaka nikahisi pumzi yake. "Maneno ya nani yale, bibi?"

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba yako uani anapiga randa mbao. Nikamweleza bila ya kumtazama.

"Ulikosea?" akaniuliza.

"Nilikosea."

"Ulijua kama unakosea?"

"Nilijua."

Akaiweka randa chini. "Basi nenda kaseme. Tutakula tutakachokula."

Kesho yake nikaenda kwa Inspekta. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nikasimama mbele ya meza yake nikasema, kwa Kiingereza changu kile, kwamba yule mama hakusema "gave", alisema "if I give, he live". Akaniuliza, "So she gave?" Nikasema hapana, "if she give". Akasema, "Yes. She gave." Tukazunguka hapo hapo mara tatu. Karani wake akaanza kucheka, naye akacheka. Akanambia nirudi siku nitakayojua kusema ninachotaka kusema.

Nilitoka pale, na sikuwa naogopa. Nilikuwa na ghadhabu ambayo sijapata kuwa nayo tena. Mwanamke yuko ndani kwa sababu ya kitenzi changu kibovu, na sasa kitenzi changu kibovu ndicho kinachomzuia asitoke. Nikaapa njiani kwamba mlango ule nitarudi kuuingia na nitasema, hata nikaongee na kuta.

Bi Filomena unamkumbuka, yule Mgoa mjane wa Vuga aliyekushonea sare yako ya kwanza ya skuli. Alikuwa amesoma kwa masista akiwa mtoto, na Kiingereza chake kilikuwa safi. Nilimkuta anakata kitambaa.

"Nataka neno moja tu," nikamwambia. "Ningalimpa."

Akaiacha mikasi. "Hilo kwa Kiingereza si moja, Zuhura. If I had given."

"Had ya nini? Had si ndiyo kuwa na kitu?"

"Hapa haimiliki kitu. Hapa inaipeleka jana nyuma zaidi, mahali ambapo huwezi tena kuibadilisha."

Nilikwenda kwake siku nane, kila nikitoka kazini. Alikuwa hanionei huruma. Nikisema "if I gave", ananirudisha mwanzo. Nikisema "if I have given", ananirudisha mwanzo. Alinionesha kwamba jana ya Waingereza ina vyumba vingi, na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni tu. Akanifundisha na namna wanavyobandika vipande kwenye maneno: "help" ni kusaidia, "helper" ni msaidizi, "helpless" ni asiyekuwa na wa kumsaidia. Hilo la mwisho nililisema mara nyingi bila ya kuambiwa.

Tulicheka pia, usidhani tulikuwa tunalia tu. Nilimsimulia kwamba mke wa ofisa mmoja aliwahi kuniuliza kama najua kupika, nikamjibu kwa kujiamini, "I am a good cooker." Nilijua anayefundisha ni "teacher", anayefanya kazi ni "worker", basi mpishi atakuwa nani tena? Bi Filomena alicheka mpaka akashika mbavu. "Ulimwambia wewe ni jiko zuri," akasema. Lakini nilikuwa nimefuata kanuni yao, Raya. Wao wenyewe ndio walioivunja.

Siku ya tisa nikarudi kwa Inspekta. Yule karani alitabasamu aliponiona. Nikasema: "She did not say, I gave. She said, if I had given. I told you wrong."

Karani akaacha kutabasamu. Inspekta akatoa karatasi yenye saini yangu akaiweka mezani. Akaniuliza kama najua kwamba naweza kushitakiwa kwa kutoa tafsiri ya uwongo.

"I know," nikasema. "Write it."

"Tafadhali" sikusema. Nilikuwa naijua, ila sikuisema.

Hakuandika. Akanambia kama ninao ujasiri huo niupeleke mbele ya hakimu. Nikaupeleka. Siku ya kesi nilisimama bila ya kuitwa. Askari akanishika mkono, hakimu akamwambia aniache. Nikasema tena maneno yale yale. Hakimu, naye Mwingereza, mzee kidogo, akaniuliza kwa nini basi nilisema "gave".

"Because I did not know the other word," nikamjibu. "And I was ashamed to say I did not know."

Hakimu akaagiza kifuko kiletwe. Kikaletwa na uzi wake mwekundu, hakijachanwa. Akakigeuza geuza mkononi, akamuuliza Inspekta kama kuna mtu yeyote aliyekiangalia. Bi Mize akaachiwa siku ile, baada ya kukaa ndani wiki tano.

Mashitaka dhidi yangu hayakuja. Ila daktari aliniita, akanipa karatasi ya kusema kwamba siku ile ya ukalimani nilikuwa mgonjwa, na kwamba hospitali haikujua. Nikitia saini nitabaki kazini. Hakuwa mtu mbaya, na pengine alidhani ananisaidia. Lakini nilishatia saini uwongo mmoja na nikaona ulikompeleka mtu. Nikamwambia sikuwa mgonjwa, nilikuwa na kiburi. Akanambia nivue aproni.

Nilimngojea Bi Mize nje siku alipotoka. Alikuwa amekonda, dada yake amemshika. Nikamwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Leo siwezi," akasema. "Njoo Jambiani mwaka ukiisha."

Mwaka ulipoisha nikaenda. Nilimkuta anapiga makumbi ya nazi pamoja na wenzake. Nikamwamkia, akaitika, akanionesha pa kukaa. Hakuniambia amenisamehe, na mpaka leo hajaniambia. Alipiga makumbi muda mrefu, kisha akasema, "Nifundishe lile neno."

"Neno gani?"

"Lile ulilolikosa. Siku nyingine wakiniuliza, niseme mwenyewe."

Nikamfundisha. "If I had given." Alilisema akipiga, pigo moja neno moja, na wenzake wakaanza kulisema, wengine wakicheka, yeye hacheki. Niliondoka pale saa kumi na sikujua nilie au nifurahi. Darsa hili la Kiingereza la wanawake ninalosomesha hapa uani, ambalo wewe umekua ukiliona kama samani za nyumba, lilianzia siku ile.

Sasa nikuombe radhi na wewe. Kwa kuwa niliungua, nilikutia moto. Ulikuwa na miaka kumi na mbili uliposema "I goed", nikakufinya paja mpaka likavia, mbele ya wasichana wenzako. Nilikusomesha vitenzi kama mtu anayemfukuza mwizi. Uliacha kuzungumza Kiingereza nyumbani karibu mwaka mzima, na mimi nikajiambia ni ukaidi wako. Haukuwa ukaidi. Nilikutia hofu ile ile iliyonifunga mimi mdomo mbele ya Inspekta. Bi Filomena ndiye aliyeniambia, kwa ukali, kwamba mtoto anayesema "goed" ameielewa kanuni kuliko anayekariri "went". Nilipaswa kukukumbatia siku ile. Ulikuwa unafikiri.

Unakwenda kujifunza uuguzi kwa watu wenye lugha hiyo, na utakosea. Kiingereza chako kinakipita changu mbali, na bado utakosea. Wataicheka lafudhi yako, watakuuliza umejifunzia wapi. Waambie: nyumbani, kwa mama yangu. Usiinamishe kichwa kwa ajili ya kitenzi. Wanaokucheka wengi wao hawajui lugha ya pili hata ya kuombea maji. Lakini akiwapo mgonjwa kitandani, na wewe hukuelewa alichosema au alichoandika daktari, sema hujaelewa. Liseme mbele ya yeyote, hata awe mkubwa wa hospitali nzima, hata chumba kizima kikugeukie. Mimi nilikuwa na nusu dakika ya kulisema hilo, nikaiacha ipite.

Ami yako amekuja leo mchana ulipokuwa umekwenda mtaani Malindi kuaga. Hakukaa hata kitako. "Mtoto wa kike mmoja peke yake mpaka Ulaya," akasema. "Watu wanasema."

"Waseme," nikamwambia.

"Atarudi anatudharau. Au hatarudi kabisa."

"Atarudi au hatarudi, hilo ni lake na Mungu wake. Lakini atakwenda."

"Zuhura, nani aliyekupa amri hiyo?"

Nikamwambia nimejipa mwenyewe. Baba yako alikuwa nyuma ya mlango anasikia kila kitu, akatoka, akasema, "Kaka, kahawa iko tayari." Ami yako akainywa akiwa amesimama, akaondoka.

Kiswahili chetu kina "ta" moja tu ya kesho, na tunamwachia msikilizaji ajue kama tunatabiri au tumeazimia. Waingereza, alinifundisha Bi Filomena, wanazo mbili. Mtu akikwambia "you will go", anakupa habari tu. Akikwambia "you shall go", ameshika nguo yake kiunoni na hapishi njia.

You shall go, Raya.

Mama yako,
Zuhura